Wenzo uliokosa ukinzani: uchambuzi wa ukarabati wa Europiccola ya kizazi cha kwanza

Mashine iliyoletwa kwangu niikarabati ni La Pavoni Europiccola, mashine ndogo ya espreso ya nyumbani, ya kizazi cha kwanza, kundi la mashine zilizotengenezwa tangu modeli hiyo ilipotoka Italia mwaka 1961 hadi miaka ya mwanzo ya 1970. Boila yake ni ya brasi iliyopakwa kromu na hubeba karibu lita 0.8 za maji. Haina pampu, haina presostati (swichi inayowasha na kuzima hita kulingana na presha), haina geji ya presha. Ina swichi ya hatua mbili, joto kubwa na joto dogo. Ina vali ya usalama juu ya boila, kioo chembamba cha kuonyesha kina cha maji, bomba la mvuke, na wenzo unaovutwa kwa mkono mtupu. Hata springi haimo. Ukiinua wenzo, pistoni hupanda na kupita tundu la kuingizia maji, na maji ya moto kutoka kwenye boila huingia chini yake, juu ya kahawa. Ukiushusha, pistoni huyasukuma maji hayo yapenye kwenye unga. Presha yote inayotengeneza espreso hutoka begani mwa mtumiaji.

Mwenye mashine alikuwa na malalamiko manne. Wenzo ulishuka bila kupingwa, kana kwamba hakuna kahawa ndani, hata alipozidi kuisaga laini. Kahawa ilitoka chungu, nyepesi, bila krema (lile povu la dhahabu juu ya espreso), na kidogo kuliko zamani. Maji yalichuruzika juu ya kichwa cha kutolea kahawa, pale fimbo ya pistoni inapoingia. La nne alilitaja baada ya kunikabidhi mashine, kama jambo la kupita tu: wakati mwingine mwili wa mashine humwasha vidole. Akaongeza kwamba gasketi zote, yaani mipira ya kuziba maji, zilikuwa mpya, zimebadilishwa na fundi mwingine, na tangu hapo ndipo wenzo ulipolegea.

Nilianza na lile la nne, na sikugusa jingine hadi lilipokwisha. Hiki ni chombo cha chuma kilichojaa maji, kinachoshikwa kwa mikono miwili, mara nyingi karibu na sinki. Kuwashwa vidole si tabia ya mashine za zamani, kama wengine wanavyojifariji. Ni umeme unaotafuta njia ya kwenda ardhini, na njia uliyoipata ni mtu.

Hita na waya

Waya wa umeme ulikuwa wa nyuzi mbili tu. Waya wa ethi, unaopeleka ardhini umeme uliovuja, haukuwepo, kwa hiyo chochote kilichovuja kwenye mwili wa mashine kilibaki hapo kikisubiri mkono. Hita yenyewe ina koili mbili, moja ya joto kubwa na nyingine ya joto dogo, na koili zote mbili zilionyesha upinzani wa kawaida kwenye multimita. (Kwa kulinganisha, hita ya wati 1000 kwenye volti 220 inapaswa kusoma karibu ohm 48.) Hapa ndipo wengi huridhika, wakafunga mashine na kuirudisha. Lakini kipimo hicho kinakuambia tu kwamba koili haijakatika. Hakikuambii kama umeme unavuja kutoka kwenye koili kwenda kwenye ala yake ya chuma. Kwa hilo unahitaji mita ya insulasheni, inayosukuma volti 500 kati ya koili na mwili wa mashine. Mashine iliyo salama husoma megaohm moja (ohm milioni moja) na kuendelea. Hii ilisoma sehemu ndogo sana ya hiyo.

Ndani ya ala ya hita, kati ya koili na chuma, kuna unga wa oksidi ya magnesi ulioshindiliwa. Unga huo huhimili joto na kuzuia umeme, ila una udhaifu mmoja: hunyonya unyevu hewani, hasa mashine ikikaa miaka bila kuwashwa. Kwa sababu hiyo usomaji mbaya hauna maana kwamba hita imekufa. Niliitoa na kuiweka kwenye oveni, joto likiwa juu kidogo ya nyuzi 100 kwa saa nyingi, ili unyevu utoke taratibu. Koili kubwa ikapona, usomaji wake ukapanda hadi pazuri na kubaki pale baada ya kupoa. Koili ndogo haikupona. Ala yake ilikuwa na ufa mwembamba karibu na mguu, na hakuna kukausha kunakoziba ufa.

Kuitoa hita kulichukua subira kuliko kazi nyingine yoyote katika mashine hii. Nati kubwa ya duara iliyo chini ya msingi, inayoshikilia boila, ilikuwa imekwama kwa kutu ya kijani na ukoko wa chokaa. Ukiishika kwa spana ya mabomba utaing'ata meno yake na kupinda msingi. Nilitumia mafuta ya kupenya, joto la kadiri, na spana iliyochongwa kulingana na nati yenyewe. Boila haifungwi kwenye jiriwa. Ukuta wake ni mwembamba, ukibonyea haunyooki tena bila kuacha alama.

Nyaya za ndani zilivikwa ala nyeupe ya kufumwa, na kulikuwa na kipande cha kijivu kilichokaushwa na joto chini ya hita. Vifaa vya umeme vya kipindi hicho vilitumia sana asbesto, madini ya nyuzinyuzi ambayo vumbi lake hudhuru mapafu, mahali penye joto, na hakuna anayeweza kuitambua kwa macho. Ni maabara tu. Kwa hiyo niliichukulia kuwa ni asbesto. Nililowesha kila kitu kwa maji yenye sabuni kidogo, sikukwangua wala kupuliza, nikaviweka vipande kwenye mifuko miwili, mmoja ndani ya mwingine, vitupwe kwa njia inayoruhusiwa na sheria za taka hatari. Ninasisitiza hili kwa sababu nimeona picha nyingi za watu wakipiga msasa misingi ya mashine hizi ndani ya chumba wanamolala watoto.

Kuhusu hita mpya kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kuweka hita ya kisasa yenye koili moja na kuongeza presostati, ili mashine ijiendeshe yenyewe. Ya pili ni kumpa mtengeneza hita vipimo vya ile ya zamani atengeneze nyingine yenye koili mbili. Tulichagua ya pili. Swichi ya hatua mbili ni moyo wa mashine ya kizazi hiki: unaiwasha kwa joto kubwa hadi vali ya usalama ianze kuzomea, unashusha kwenye joto dogo, na kuanzia hapo mtumiaji ndiye presostati. Ukiondoa hilo, umebaki na umbo la mashine ya miaka ya 1960 juu ya matumbo ya mashine nyingine. Lakini usalama wa kizazi hicho haukunitosha. Niliongeza kikata joto kinachogusa boila kwa chini, kinachokata umeme boila ikikauka, pamoja na waya wa nyuzi tatu na ethi iliyofungwa kwa skrubu kwenye msingi na kuunganishwa na boila. Kikata joto hakionekani kutoka nje, na anayetaka kukiondoa kesho hatapata tundu jipya lolote lililotobolewa.

Kwa nini wenzo haukusukuma kitu

Sasa nirudi kwenye kiini. Dalili zilionekana kupingana. Gasketi za pistoni ni mpya, kweli. Nilipozitoa zilikuwa laini, hazijapasuka. Mashine ikiwa na presha na wenzo ukiwa chini, hakuna tone lililodondoka chini ya kichwa, na mtu yeyote akiona hivyo atasema pistoni imeziba vizuri. Ilhali wenzo ukishushwa juu ya kahawa, haukuhisi chochote.

Aliyenipa jibu ni kioo cha maji. Kilikuwa na doa la kahawia ndani, kuanzia katikati kwenda chini, na maji niliyoyamwaga kutoka kwenye boila yalinuka kahawa. Boila haipaswi kamwe kuonja kahawa. Maji hutoka kwenye boila kwenda kichwani, si kinyume chake. Ikiwa mafuta ya kahawa yamefika kwenye boila, basi yapo maji yanayopanda kupita pistoni wakati wenzo unashuka.

Pistoni ya Europiccola za kabla ya 2001 hubeba gasketi mbili zenye midomo, kila moja ikiwa na mfereji upande mmoja. Gasketi ya namna hiyo huziba kwa msaada wa presha yenyewe: presha ikiingia kwenye mfereji, huutanua mdomo na kuubana kwenye ukuta wa silinda. Ikitokea upande wa mgongo, huusukuma mdomo ndani na kupita. Kwa hiyo mdomo lazima uelekee kule presha inakotoka, na pistoni hii ina presha mbili tofauti. Juu yake, wenzo ukiwa chini, kuna maji ya boila yenye bar 0.8 hivi (bar moja ni karibu sawa na presha ya hewa inayotuzunguka). Chini yake, wakati wa kusukuma, kuna bar 8 au 9. Gasketi ya juu hutazama juu, ya chini hutazama chini. Yaani hupeana migongo.

Fundi aliyetangulia alizielekeza zote mbili juu. Bila shaka alijaribu kazi yake kwa njia ya kawaida: akapasha mashine moto, akaangalia kama inadondosha, akaona pakavu, akairudisha. Na kweli palikuwa pakavu, kwa sababu gasketi ya juu ilikuwa sawa na ndiyo inayozuia maji ya boila yasidondoke. Jaribio lile haliwezi kabisa kuligundua kosa la gasketi ya chini. Linapima kuziba kwa bar moja kutoka juu, wakati kazi ya mashine ni kuziba kwa bar tisa kutoka chini.

Mambo mengine yote yanafuata hapo. Maji yaliyokuwa chini ya pistoni yalikuwa na milango miwili: kupenya kwenye kahawa, au kupanda kando ya pistoni, kuingia kwenye tundu la maji na kurudi kwenye boila. Yalichagua ulio mwepesi. Mwenye mashine alipoona wenzo umelegea alifanya jambo la busara, akasaga kahawa laini zaidi ili ipinge. Lakini kila alipoisaga laini, mlango wa kahawa ulizidi kuwa mzito na maji mengi zaidi yalirudi juu. Ndiyo maana kikombe kilipungua. Kidogo kilichopita kilipita polepole mno kwenye unga laini mno, kikabeba uchungu wote. Alikuwa amebadilisha kahawa, akabadilisha kisaga, akabadilisha kiasi, na kila hatua, ingawa ya maana kwa mantiki yake, ilimpeleka mbali zaidi.

Nilitaka kuona tarakimu, si hisia tu, kwa hiyo nilifunga potafilta (kile kishikio cha kuwekea unga wa kahawa) yenye geji badala ya mdomo wa kutolea kahawa, nikaijaza maji baridi na kushusha wenzo. Jaribio hili halihitaji umeme wala moto, na nashangaa kwamba halifanywi kila mara. Geji iliyozibwa haina pa kupitisha maji. Pistoni iliyo nzima inapaswa kusimama na presha kupanda kadiri unavyoegemea. Wenzo wa mashine hii ulishuka hadi mwisho na sindano haikufika bar 3.

Hapa inafaa kukumbuka tunachokitafuta. Mashine za mwanzo, za Luigi Bezzera aliyepata hataza yake mwaka 1901 na za Desiderio Pavoni zilizofuata, zilisukuma maji kwa presha ya mvuke wa boila pekee, bar moja na kitu. Kahawa yake ilikuwa ya haraka, lakini haikuwa na krema. Achille Gaggia wa Milano alipata hataza mwaka 1938, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia akatoa mashine ya wenzo na pistoni, ambayo ilipandisha presha hadi mara kadhaa ya ile ya boila. Krema tunayoijua leo ilizaliwa na pistoni hiyo. Mwaka 1961, Europiccola ilipoingia majumbani, kampuni ya Faema ilitoa mashine ya E61 yenye pampu ya umeme, na mikahawa ikaanza kuacha wenzo. Mashine iliyo mbele yangu, kwa gasketi moja iliyogeuzwa, ilikuwa imerudishwa nyuma hadi kabla ya Gaggia: maji yakisukumwa kwa nguvu isiyozidi sana ile ya mvuke.

Nilisafisha silinda, nikaipitisha taa kutafuta mikwaruzo ya wima, na kwa bahati haikuwepo ya kuhisiwa kwa ukucha. Kingo za tundu la maji nilizilainisha kidogo kwa msasa laini sana, maana gasketi hupita juu ya tundu hilo kila wenzo unapopanda na kushuka, na ukingo mkali huukata mdomo taratibu. Nikaweka gasketi mpya, zikipeana migongo, na grisi ya silikoni inayoruhusiwa kwenye vyombo vya chakula. Grisi ya kawaida ya mafuta ya petroli haifai hapa hata kidogo: mpira wa EPDM ukiguswa nayo huvimba na kulegea, achilia mbali kwamba inaishia kwenye kikombe. Ringi za fimbo ya pistoni, ambazo ndizo zilizokuwa zikichuruzisha maji juu, zilikuwa ngumu kama plastiki. Hizo fundi aliyetangulia hakuzigusa kabisa.

Jaribio la geji likarudiwa. Sindano ikasimama kwenye bar 9 na wenzo ukatulia chini ya kiganja. Kwa anayejiuliza mkono wa mtu unafikaje bar 9: pistoni yenye kipenyo cha milimita 45, kwa mfano, ina uso wa karibu sentimita 16 za mraba, na bar 9 juu yake ni msukumo wa takriban kilo 146. Wenzo ukizidisha nguvu mara 8, mkono unabaki na kilo 18 hivi. Ni mzigo wa kweli, unaohisiwa. Mashine ya namna hii ikishuka kwa kidole kimoja, usitafute kosa kwenye kahawa kwanza.

Pini za wenzo nazo zilikuwa zimelika na kuwa na umbo la yai, na ule mchezo wa milimita chache ulipoteza sehemu ya mwendo kabla pistoni haijasogea. Pini mpya, klipu mpya, tone la grisi. Kazi ndogo.

Boila, chokaa na kromu

Ukoko wa chokaa ulikuwa mzito kwenye hita na mwembamba kwenye kuta. Asidi ya sitriki, gramu 30 hivi kwa lita ya maji ya uvuguvugu, inatosha. Maji yakiwa ya moto sana, sitrati ya kalsiamu huanza kuganda na unakuwa umebadilisha ukoko mmoja kwa mwingine. La muhimu ni kutolala ukaiacha. Brasi ni aloi ya shaba na zinki, na asidi ikikaa mno hula zinki na kuacha uso wa waridi, dhaifu, wenye vitundu. Nilibadilisha maji mara povu lilipotulia na kuangalia rangi ya chuma kila mara. Madoa ya waridi yalikuwepo tayari karibu na uzi wa kioo cha maji, alama kwamba kuna aliyewahi kutumia asidi kali, na nilitaka kujua kama ukuta hapo bado una nguvu.

Kwa hilo hakuna njia isipokuwa kuijaribu boila kwa maji baridi. Unaijaza pomoni bila kuacha hewa, unaziba vali ya usalama na bomba la mvuke, na kusukuma kwa pampu ya mkono hadi juu ya presha ya kazi. Nilichukua bar 1.5 kama kikomo cha kazi, nikapima kwa mara mbili yake, nikaiacha muda mrefu wa kutosha kuona kama sindano inarudi. Maji hutumika, kamwe si hewa, kwa sababu maji hayabanwi: boila ikishindwa, inatoa jasho au mchirizi na presha inaisha papo hapo. Hewa iliyobanwa, au mvuke, ikipata ufa hupasua. Sindano haikurudi. Kama ingerudi, boila hiyo ingeishia kuwa pambo la rafu na ningemwambia mwenyewe hivyo bila kuzunguka.

Vali ya usalama nilibadilisha springi yake na kiti chake, nikahakikisha inafunguka chini ya kikomo nilichokiweka. Kwenye mashine isiyo na presostati vali hiyo ndiyo mlinzi wa mwisho, na kuikuta imegandishwa na chokaa ni jambo la kawaida kuliko inavyopendeza kusema.

Halafu kuna kromu. Ilikuwa imebanduka chini ya kishikio cha wenzo na pembezoni mwa msingi, na kwenye boila kulikuwa na ukungu wa mikwaruzo. Mwenye mashine alitaka ing'ae kama mpya. Nilimshauri asifanye hivyo, na bado nashikilia ushauri huo. Kupaka kromu upya kunamaanisha kuivua ya zamani kwa kemikali, kisha kuisugua brasi kwa gurudumu hadi iwe kioo, na kusugua huko hula kingo, hula herufi zilizochapwa, hula uzi wa skrubu. Chuma kilichoondoka hakirudi. Kinachobeba presha au umeme kinabadilishwa bila huruma. Kinachoonekana tu kina haki ya kuonyesha umri wake. Nilikiosha kwa maji ya sabuni, nikaondoa kutu ya kijani kwa kijiti cha mbao, basi.

Palikuwa na mahali pamoja tu ambapo kromu ilikuwa suala la afya: ndani ya potafilta, ambako ilikuwa ikitoka kwa magamba. Magamba hayo yalikuwa yakienda kikombeni, na chini yake kuna brasi ya zamani, ambayo mara nyingi ilichanganywa na risasi kidogo ili ichongeke kwa urahisi. Potafilta za kichwa cha kabla ya 2001, zenye kichujio cha milimita 49, bado zinapatikana. Aliyenunua mashine ya zamani aangalie tarehe kwanza, maana zilizofuata zina kichujio cha milimita 51 na vipuri vyake haviingiliani. Potafilta ya asili imefungwa kwenye karatasi pamoja na hita ya zamani, vikae na mashine popote itakapokwenda.

Kahawa

Kwa siku za mwanzo niliweka geji ndogo juu ya kioo cha maji na kibandiko cha kupimia joto kwenye kichwa, ili mwenyewe ajifunze mashine yake kwa macho kabla ya kuijua kwa mkono. Boila ikiwa kwenye bar 0.8, maji ndani yana nyuzi 117 hivi, juu mno kwa kahawa, ambayo hutaka kati ya 90 na 96. Kinachoyapoza ni uzito wa kichwa cha brasi. Kwa hiyo kichwa kikiwa baridi mno kahawa ni kali kwa uchachu, na kikishapata moto kamili hakina tena cha kupoza. Kikombe cha kwanza na cha pili vilikuwa vizuri. Cha tatu kikaungua. Sehemu ya lile lalamiko la uchungu ilikuwa hapa, na hakuna gasketi inayoweza kuliondoa. Ndivyo mashine hii ilivyo. Dawa yake ni kuzima, kusubiri, au kukizungushia kichwa kitambaa chenye maji baridi kati ya kikombe na kikombe.

Nilimwonyesha pia kufungulia bomba la mvuke kwa muda mfupi kabla ya kikombe cha kwanza. Boila ikipata moto kuna hewa imenaswa juu ya maji, nayo hujenga presha ambayo si ya mvuke. Geji inasema tayari, vali inaanza kuzomea, ilhali maji hayajafika. Hewa ikitoka, presha hushuka, kisha hupanda tena kwa haki. Na baada ya kazi, bomba la mvuke lisiachwe ndani ya maziwa: boila ikipoa hutengeneza ombwe na kuyafyonza.

Kwa gramu 14 za kahawa iliyosagwa kwa kiwango cha kawaida, na si ule unga wa vumbi aliouzoea, wenzo uliinuliwa polepole, ukashikwa juu kwa sekunde chache ili unga uloe, kisha ukashushwa. Ulipinga tangu mwanzo. Kahawa ilianza kwa matone meusi, ikawa uzi, ikabadilika rangi kwenda dhahabu, na krema ikafunga juu ya kikombe. Mwenye mashine aliuvuta wenzo kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, kwa mazoea ya ule uliolegea, na ilibidi nimwambie apunguze.

Kilichobaki ni vali ya mvuke, ambayo bado hutoa unyevu kidogo ikifungwa; kiti chake kimelika na kipuri chake kimeagizwa. Gasketi za pistoni zikaguliwe kila mwaka na kupakwa grisi upya. Vali ya usalama ijaribiwe wakati huohuo. Kioo cha maji kiangaliwe kila asubuhi kabla ya kuwasha, kwanza kama maji yanatosha, pili kama ni meupe. Siku yatakapokuwa na rangi ya chai, gasketi ya chini imeanza kupitisha, hata kama wenzo bado unahisi mzito.